Rwenzori: Siku nne kupanda hadi ziwa lenye theluji, juu ya mlima tunaouona bila kuufikia

Asubuhi fulani, mvua ikiwa imenyesha usiku na mawingu yakafunguka mapema, mtu anayesimama Beni, Oicha ao kwenye barabara ya Kasindi anaona kitu cheupe juu kabisa upande wa mashariki. Watoto hudhani ni wingu. Wazee wanajua kwamba ni theluji ya Rwenzori. Haifiki saa tatu, mawingu yanarudi, mlima unajifunika, na kila mtu anaendelea na kazi yake ya shamba ao ya soko.

Wengi wetu tumezaliwa karibu na mlima huu. Tumelima kahawa na kakao kwenye udongo wake na tumekunywa maji yanayotoka kwake, lakini theluji yenyewe hatujaigusa. Wanaoijua ni wageni waliotoka Ulaya, pamoja na wabeba mizigo wa Mutwanga waliowapandisha.

Miaka kadhaa iliyopita, kabla ya vita kufunga njia hiyo, tuliamua nasi kwenda kuiona. Tulikuwa watu watano: wachuuzi wawili wa Butembo, muuguzi mmoja, mwalimu wa jiografia kutoka Beni, na mimi. Kilele hatukukitafuta, maana kupanda barafu kunahitaji kamba, viatu vya meno ya chuma na mazoezi ambayo hatukuwa nayo. Tulitaka kufika kwenye maziwa madogo yaliyo chini ya barafu, yale yanayoitwa kwa majina ya rangi: Lac Noir, Lac Vert na Lac Gris.

Tulichagua mwezi wa kwanza. Kule juu, mvua inapunguka mara mbili kwa mwaka: kuanzia Desemba hadi Februari, na kuanzia Juni hadi Agosti. Kupunguka si kuisha. Katika siku zetu sita mlimani, hakuna siku hata moja iliyopita bila kulowana.

Theluji karibu na Ikweta

Mwalimu wetu alikuwa na sababu yake ya kwenda. Kila mwaka wanafunzi walimuuliza swali moja: inawezekana namna gani theluji ikae karibu na Ikweta, mahali ambapo Beni watu wanatoka jasho kuanzia saa nne za asubuhi? Jibu alilijua kutoka vitabuni, lakini alisema amechoka kueleza kitu asichokiona.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Hewa inapoa kadiri unavyopanda, karibu digri 6 kwa kila mita 1.000. Muji wa Beni uko karibu mita 1.200 juu ya bahari. Kama hapo ni digri 24, penye mita 4.200 zinabaki digri 6, na penye mita 5.000 inabaki digri 1 tu. Usiku ukiingia, baridi inashuka chini ya sifuri, na mvua inageuka kuwa theluji. Wataalamu wa mimea wana msemo wao juu ya milima ya namna hii: kila mchana ni kiangazi, kila usiku ni majira ya baridi ya Ulaya. Mtu wa Rwenzori hahitaji kungoja Desemba ili aone baridi hiyo, inakuja kila siku jua likizama.

Tofauti na Nyiragongo na Nyamulagira, Rwenzori si mlima wa moto. Ni kipande kikubwa cha mwamba wa zamani kilichoinuliwa wakati ardhi ilipokuwa inapasuka na kufanya bonde lile linalobeba ziwa Edward na ziwa Albert. Urefu wake kutoka kaskazini hadi kusini ni karibu kilometa 120. Kilele chake kikubwa, Margherita, kina mita 5.109. Ni cha tatu katika Afrika, nyuma ya Kilimanjaro yenye mita 5.895 na mlima Kenya wenye mita 5.199. Mpaka wa Kongo na Uganda unapita hapo juu, na hakuna mahali pengine katika Kongo nzima palipo juu kuliko hapo.

Jina la theluji tulikuwa nalo kabla ya wageni kufika. Kwa Kinande, kama kwa Kikonzo cha ndugu zetu wa upande wa Uganda, theluji ni nzururu, na ndiyo maana mlima unaitwa pia Rwenzururu. Wazee wanaeleza kwamba huko juu ni makao ya Kitasamba, roho ya mlima, na kwamba zamani mtu hakupanda ovyo. Wageni walikuja baadaye. Stanley aliona theluji hiyo mwaka wa 1888. Mjerumani Franz Stuhlmann alifuata bonde la mto Butahu mwaka wa 1891 na kupita mita 4.000. Mwaka wa 1906 mtu wa jamaa ya kifalme ya Italia, duke wa Abruzzi, alifika kwenye kilele na kukipa jina la malkia wa kwao. Wabelgiji nao walituma msafara wao kutoka upande wa Kongo mwaka wa 1932, ukiongozwa na Xavier de Grunne. Ndiyo maana leo vilele vikubwa vina majina ya malkia na wasafiri wa Ulaya. Mizigo yao ilibebwa na watu wa hapa.

Mutsora hadi Kalonge: kwanza kakao, kisha pori

Safari ya upande wa Kongo inaanzia Mutsora, kituo cha parki ya Virunga karibu na Mutwanga, katika sekta ya Rwenzori, teritware ya Beni. Hapo tuliandikishwa na kupewa muzee mmoja wa Mutwanga kuwa kiongozi wa njia, msaidizi wake, gadi wawili wenye silaha, na vijana wa kubeba mizigo. Mizigo ilikuwa unga wa fufu, mchele, maharagi, sarudini, chai, sukari, makala ya kupikia, na blanketi. Kukata kuni ndani ya parki ni marufuku.

Saa za kwanza hakuna aliyejua kama tuko mlimani. Tulipita katikati ya mashamba ya kakao, kahawa, ndizi na mihogo, mama wakitusalimia na watoto wakitufuata wakicheka makoti yetu makubwa. Jua lilikuwa kali. Mchuuzi mmoja aliuliza kama tumekosea njia. Kisha tukavuka mpaka wa parki, mashamba yakaisha mara moja, na pori likatufunika.

Pori lile la chini lina miti mirefu, mikangaga na sauti ya maji kila upande. Tulivuka vijito hata tukaacha kuhesabu. Jioni tulifika Kalonge, kwenye nyumba ya kwanza ya kulala, karibu mita 2.140. Baridi ya hapo si ngeni kwa mtu wa Butembo ao Lubero. Usiku, perere alianza kulia. Ni mnyama mdogo kama sungura, lakini kelele zake zinapanda hatua kwa hatua mpaka unafikiri mtu ananyongwa. Mchuuzi yule yule alikaa macho usiku wote.

Mahangu: viatu vya bei vinashindwa

Siku ya pili tulipita kwanza katika mianzi. Njia ilikuwa matope, na kila mwanzi ulioguswa ulimwaga maji shingoni. Karibu na mita 3.000 mianzi ilikwisha na tukaingia mahali ambapo hakuna kati yetu aliyekuwa amewaza kwamba pako katika Kongo. Miti ya hapo imepinda na kuvikwa kuvu za kijani, za njano na za rangi ya kutu. Ndevu ndefu za rangi ya majivu zinaning'inia kwenye matawi. Chini, mguu haukanyagi udongo bali mizizi na kuvu zenye kujaa maji kama godoro lililolowana.

Wachuuzi wetu walikuwa wamenunua viatu vya ngozi vya bei kubwa. Wabeba mizigo walivaa buti za mpira, zile za soko, zinazovaliwa shambani. Saa sita ya mchana viatu vya ngozi vilikuwa vimejaa maji na kuwa vizito kama mawe. Buti za mpira zilimwagwa, zikafutwa, safari ikaendelea. Nilijifunza hapo kwamba kule mlimani mtu anapaswa kumtazama mwenye kubeba mzigo, avae kama yeye.

Mahangu iko karibu mita 3.310. Tulifika tukitetemeka. Muzee alitupa amri ambayo hatukuielewa siku hiyo: kubadili nguo kabla ya kukaa, kunywa chai nyingi hata bila kiu, na kula hata bila njaa. Alisema pia kwamba mwenye kuumwa kichwa asifiche. Mwalimu alisema yuko mzima.

Kiondo: mahali ambapo hewa inapunguka

Siku ya tatu ndiyo iliyokuwa nzuri kuliko zote, na ndiyo iliyokuwa ngumu. Miti ya ndevu ilibaki chini, tukaingia katika senesio na lobelia. Senesio ni mti unaofanana na kabichi kubwa iliyopandwa juu ya nguzo, mrefu kuliko mtu mara mbili ao tatu. Majani yake yanayokufa hayaanguki. Yanabaki yamezunguka shina kama koti, na ndiyo yanayolikinga na baridi ya usiku. Majani mabichi ya juu nayo yanajikunja jioni ili kulinda moyo wa mti. Lobelia inasimama kama mshumaa mkubwa wa kanisa, na ndege wadogo wenye midomo mirefu wanaifuata kwa ajili ya asali yake.

Mawingu yalifunguka kidogo, tukaona Lac Noir chini ya mteremko, maji meusi yasiyotikisika, yamezungukwa na kuta za mawe. Maziwa haya yalichimbwa na barafu. Zamani sana, dunia ilipokuwa na baridi zaidi, mito ya barafu ilishuka mpaka kwenye mabonde haya, ikakwangua mwamba na kuacha mashimo. Barafu iliporudi nyuma, mashimo yalijaa maji.

Tulifika Kiondo, juu ya mita 4.200, mwisho wa mchana. Hapo mwalimu alikaa chini na hakutaka kusimama tena. Kichwa kilikuwa kinamuuma kuanzia Mahangu, naye alikuwa ameficha. Alitapika chai, kisha akakataa chakula.

Muuguzi wetu alitueleza jambo ambalo kila mtu anayepanda anapaswa kulijua. Penye kimo hicho, kila pumzi inaleta karibu asilimia 60 tu ya oksijeni ambayo mtu angepata kando ya bahari. Mwili unaweza kuzoea, lakini unataka siku kadhaa, na haujali kama mtu ni kijana ao mzee, mwenye nguvu ao mnyonge. Kichwa kuuma, kutapika na kukosa usingizi ni onyo la kwanza. Mtu akianza kuyumba kama mlevi, kusema maneno yasiyoeleweka ao kukohoa na kukosa pumzi hata akiwa amekaa, hiyo ni hatari ya kufa, na anapaswa kushushwa saa ile ile, hata usiku. Vidonge vya maumivu vinaweza kuficha alama, havimponyeshi mtu. Dawa ya kweli ni kushuka.

Muuguzi alimwambia mwalimu atembee kwa mstari mnyoofu, kisigino mbele ya kidole. Aliweza. Alimuuliza majina ya watoto wake, akayataja yote. Basi wakakubaliana na muzee: kama hazidishi, atalala akilindwa na kushuka alfajiri. Mwalimu alianza kubishana. Alisema amefika karibu, imebaki asubuhi moja tu, miaka yote amefundisha theluji na sasa anarudishwa mlangoni. Muzee hakupandisha sauti. Alimjibu kwamba theluji itabaki palepale, lakini mtu akifa hapa hakuna gari la kumbeba, ni mabega ya vijana hawa tu, kwa siku tatu za matope. Mwalimu akanyamaza.

Asubuhi nyeupe

Usiku huo hatukulala. Upepo ulipiga mabati, kisha katikati ya usiku ukanyamaza ghafula. Muuguzi aliamka kila saa kumtazama mgonjwa.

Karibu saa kumi na mbili, mbeba mizigo mmoja alifungua mlango na kuita. Nje, kila kitu kilikuwa cheupe. Senesio zilikuwa zimebeba theluji kwenye vichwa, mawe yamepotea, na njia ya jana haionekani tena. Mwalimu alitoka amejifunga blanketi mbili. Aliinama, akachota kwa mkono mtupu, akaikamata mpaka vidole vikawa vyekundu. Alishangaa kwamba ni nyepesi. Alikuwa amewaambia wanafunzi kwamba inafanana na barafu ya kongelateri, na sasa aliona kwamba inafanana zaidi na unga wa mihogo uliotoka kupepetwa.

Nusu saa baadaye alianza kushuka na msaidizi wa kiongozi na mbeba mizigo mmoja. Mgonjwa hashuki peke yake, hiyo ni sheria. Kabla ya kwenda, alinipa chupa yake ya plastiki na kuomba nimjazie theluji ya ziwani.

Sisi wanne tulimfuata muzee. Njia ya kutoka Kiondo inapita kwenye mawe yenye mteremko mkali, na mahali pengine kuna kamba za kushikilia. Theluji ile iliyotufurahisha mlangoni sasa ilikuwa adui, maana ilifunika mashimo kati ya mawe. Muzee alitangulia na fimbo yake, akipiga chini kabla ya kila hatua, na tulipaswa kuweka mguu palepale alipotoa wake. Hatua kumi, kupumzika. Hatua kumi, kupumzika. Hakuna aliyekuwa na pumzi ya kuzungumza.

Tulipofika Lac Gris, jua lilikuwa bado halijapita ukuta wa mashariki. Ziwa si kubwa. Mtu wa Goma aliyezoea ziwa Kivu angeliita kidimbwi. Maji ni ya kijivu, na pembeni yalikuwa yameshika ngozi nyembamba ya barafu iliyovunjika kama kioo tulipoigusa kwa fimbo. Theluji ilishuka mpaka kwenye ukingo wa maji. Hakukuwa na ndege wala mti unaotikisika. Nilisikia damu yangu masikioni, na tone moja moja la maji lililoanguka kutoka kwenye mwamba.

Kisha wingu lilifunguka juu yetu, na mlima Stanley ukatokea, mawe meusi na barafu ya rangi ya samawati kwenye mipasuko. Labda dakika tano. Muzee alinyosha fimbo na kutuonyesha ukuta mtupu wa mwamba, chini kabisa ya mahali barafu ilipoishia. Alisema alipopanda mara ya kwanza, akiwa kijana anayebeba mizigo, barafu ilifika hapo. Ukuta ule ulikuwa wa rangi tofauti, safi, kama mahali palipobanduliwa plasta juzi. Hatukuhitaji maelezo mengine.

Nilijaza chupa. Saa nne theluji ilikuwa imeanza kulainika, na muzee akatuamuru turudi kabla mawe hayajaanza kuteleza zaidi.

Barafu inayoisha

Alichotuonyesha muzee kinathibitishwa na vipimo. Mwaka wa 1906, barafu ilikuwa kwenye milima sita ya Rwenzori, na eneo lake lote lilikuwa karibu kilometa za mraba 6,5. Mwaka wa 1987 zilibaki karibu 2. Mwaka wa 2003 haikufika hata kilometa moja ya mraba, na milima iliyokuwa bado na barafu ilikuwa mitatu tu: Stanley, Speke na Baker. Mwaka wa 2021, Shirika la hali ya hewa duniani lilionya kwamba barafu ya Kilimanjaro, ya mlima Kenya na ya Rwenzori inaweza kuisha yote katika miaka ya 2040.

Hapa tunapaswa kutofautisha mambo mawili. Theluji inayoanguka usiku na kuyeyuka mchana, kama ile tuliyoikuta Kiondo, si barafu ya kudumu. Barafu ya kudumu ni akiba ya theluji ya miaka mingi iliyojikandamiza yenyewe. Inaishi kama akaunti ya benki: kinachoingia kikipungua na kinachotoka kikizidi, hata akiba kubwa inakwisha. Joto la dunia likipanda, mvua inaanguka kama maji mahali ilipokuwa ikianguka kama theluji, na jua linapiga mwamba mweusi uliokuwa umefunikwa.

Je, mito yetu itakauka? Hapana, si kwa sababu hiyo. Maji mengi ya Butahu na ya mito mingine inayoshuka Semuliki yanatoka kwenye mvua na kwenye kuvu na majani yale yanayohifadhi maji kama godoro. Kwa hiyo anayekata pori la Rwenzori anaumiza mashamba ya Mutwanga haraka kuliko barafu inayoyeyuka. Hilo liko mikononi mwetu. Moshi wa viwanda na magari ya nchi tajiri, unaopasha dunia joto, hauko mikononi mwetu, ingawa sisi ndio tunaopoteza theluji.

Njia iliyofungwa

Kuna kitu kingine kinachotunyima mlima huu, nacho ni risasi. Parki ya Virunga, iliyoundwa mwaka wa 1925 na kuandikwa na Unesco mwaka wa 1979 kuwa urithi wa dunia, iko kwenye orodha ya urithi ulio hatarini kuanzia 1994. Zaidi ya magadi 200 wamekufa wakiilinda. Mwishoni mwa mwaka wa 2020 na baada ya hapo, mashambulizi ya ADF yalifika katika sekta ya Rwenzori yenyewe. Raia waliuawa mashambani mwao, na watu wa Loselose, Mwenda, Halungupa na vijiji vingine walikimbia. Hali ya kuzingirwa ilitangazwa Kivu ya Kaskazini na Ituri mwezi wa Mei 2021, na mwezi wa Novemba mwaka huo jeshi la Uganda likaingia kushirikiana na FARDC katika operesheni Shujaa.

Mbele ya vifo hivyo, kuzungumzia matembezi ya mlimani kunaweza kuonekana ni mchezo. Lakini kila kundi lililopanda lilikuwa linalipa kiongozi, wapishi na wabeba mizigo, lilikuwa linanunua unga, maharagi na makala kwa mama wa Mutwanga. Kijana anayelipwa kubeba mzigo mpaka Kiondo ana sababu moja zaidi ya kutosikiliza wale wanaomwita msituni. Upande wa pili, Uganda ilifungua parki yake ya Rwenzori mwaka wa 1991, na wageni wanaendelea kupandia huko kuelekea kilele kile kile. Mlima ni mmoja. Faida yake inashuka upande mmoja.

Kwa siku ambayo njia itafunguliwa tena, na mimi naamini itafunguliwa, wenye kutaka kwenda wakumbuke mambo machache. Wajiandikishe kwenye parki, wasipande kwa siri. Wavae buti za mpira, wachukue soksi nyingi, na nguo kavu wazifunge katika sashe mbili. Walale kila kituo bila kuruka hata kimoja. Na mwenye kuumwa kichwa aseme.

Tulimkuta mwalimu Mahangu jioni ile ile, amekaa jikoni na wabeba mizigo, anakula fufu. Kichwa kilikuwa kimepoa saa mbili tu baada ya kuanza kushuka. Nilimpa chupa yake. Theluji ilikuwa imeyeyuka zamani, na chupa iliyojaa hadi shingo ilikuwa sasa na maji yasiyofika hata nusu. Nilimwomba msamaha. Aliyatazama, akafunga kifuniko vizuri na kuiweka katika mfuko wake.

Juma lililofuata aliiweka mezani mbele ya darasa. Wanafunzi waliuliza theluji iko wapi. Aliwaambia wainue macho kupitia dirishani, upande wa mashariki. Siku hiyo kulikuwa na mawingu.